Moyo Hausomwi Usoni

Dominika ya Sita ya Mwaka A
Masomo: YbS 15:15–20, 1 Kor 2:6–10, Mt 5:17–37



Katika Injili ya Dominika hii Bwana wetu yuko mlimani, anaifafanua Sheria ya Musa. Baada ya kusema juu ya hasira na juu ya uaminifu katika ndoa, anafika kwenye kiapo. Watu wa wakati ule waliapa kwa mbingu, wakaapa kwa nchi, kwa Yerusalemu na hata kwa vichwa vyao wenyewe. Yesu anawaambia waache kabisa. Anayekubali aseme amekubali, na anayekataa aseme amekataa. Linalozidi hapo latoka kwa yule Mwovu. Kisha anaongeza neno ambalo twaweza kulipita bila kulitazama: mtu asiape kwa kichwa chake, kwa kuwa hana uwezo wa kuufanya hata unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi.

Tujiulize, kwa nini watu huapa? Huapa kwa sababu hawaaminiani. Pale neno la kawaida linapokosa thamani, ndipo mtu hutafuta kitu cha kulitia uzito. Na yule anayesikiliza, akiwa hatosheki hata na kiapo, hutafuta chombo cha kumfungulia moyo wa mwenzake auone ulivyo ndani. Chombo hicho binadamu amekitafuta tangu zamani, na siku hizi wapo wanaosema kwamba kimepatikana, nacho ni kompyuta.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Mtu huketishwa mbele ya kamera, akaulizwa maswali. Anapojibu, kompyuta hutazama kope zake zinavyopepesa, macho yanakoelekea, midomo inavyokaza, kichwa kinavyogeuka, na vijimikunjo vya uso vinavyopita upesi kuliko jicho letu linavyoweza kuona. Halafu huvilinganisha vyote hivyo na picha za watu ambao hapo awali waliagizwa kusema kweli au kusema uongo ili mashine ijifunze. Mwisho hutoa alama: huyu anaelekea kusema kweli, huyu anaelekea kudanganya.

Hili si jambo la kubuni. Kati ya mwaka 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa iBorderCtrl, ukajaribiwa katika mipaka ya Hungaria, Ugiriki na Latvia. Msafiri aliulizwa maswali na sura ya ofisa iliyochorwa na kompyuta: una nini ndani ya sanduku, unakwenda wapi, nani anakugharimia safari. Mwaka 2019 mwandishi mmoja wa habari aliijaribu mashine hiyo mpakani mwa Hungaria. Alijibu kweli tupu, lakini mashine ilihesabu majibu yake 4 kati ya 16 kuwa ni uongo.

Wapendwa, wazo hili si geni kwetu. Kamusi za zamani za Kiswahili hulipa neno kiapo maana mbili. Maana ya kwanza ni ile tuijuayo sote, yaani kumtaja Mungu ili kuthibitisha neno. Ya pili ni jaribio alilopewa mshitakiwa ili mwili wake utoe ushahidi. Kulikuwa na kiapo cha moto, na sehemu nyingine za bara kulikuwa na mwavi, ile sumu iliyonyweshwa watu walioshukiwa uchawi: aliyeitapika alihesabiwa hana hatia, na aliyekufa alihesabiwa amehukumiwa kwa haki. Ndugu zetu wa Mijikenda, ng'ambo ya mwambao wa Kenya, walikuwa na kiapo cha shoka lililotiwa motoni. Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya Waafrika peke yao. Huko Ulaya mshitakiwa alishikishwa chuma cha moto au alitumbukiza mkono katika maji yanayochemka, na mapadre waliitwa kuvibariki vyombo hivyo. Ni Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliowakataza mapadre kubariki majaribio hayo. Kanisa lilikataa kuliweka jina la Mungu juu ya chombo cha kuutesa mwili ili kuupata ukweli wa roho.

Vyombo hivyo vilipokwisha, vikaja vingine. Mwaka 1921 John Larson, askari polisi wa mji wa Berkeley huko Marekani, alitengeneza mashine iliyopima msukumo wa damu na pumzi za mtu anayehojiwa. Baadaye ikaongezwa kupima jasho la vidole. Tangu hapo mashine hiyo imesambaa duniani. Hata jirani zetu wa Kenya waliifikiria: tarehe 1 Juni 2018, siku ya Madaraka, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, alitangaza kwamba wakuu wa manunuzi na wa uhasibu serikalini watachunguzwa upya, na uchunguzi huo utakuwa pamoja na mashine ya kupimia uongo. Nia yake ilikuwa kupambana na wizi wa mali ya umma, na nia hiyo ni njema. Lakini je, chombo kilifaa?

Marekani yenyewe, ilikozaliwa mashine hiyo, ilitunga sheria mwaka 1988 kuwazuia waajiri wengi wa binafsi wasiwapime wafanyakazi wao kwa mashine hiyo. Mwaka 2003 baraza la wanasayansi wa nchi hiyo lilitoa taarifa kwamba ushahidi wa kuitegemea ni dhaifu. Tena kuna habari ya Aldrich Ames, ofisa wa ujasusi wa Marekani aliyekuwa akiwauzia Warusi siri za nchi yake. Katika miaka hiyo ya usaliti alipimwa mara mbili, mwaka 1986 na mwaka 1991, na mara zote mbili alipita. Alikamatwa mwaka 1994, baada ya watu kuchunguza fedha zake na nyendo zake. Mwili wake haukumshitaki. Matendo yake ndiyo yaliyomshitaki.

Hapo ndipo penye kasoro ya vyombo vyote hivi, vya kale na vya sasa. Havipimi uongo. Vinapima hofu, au haya, au uchovu, au wasiwasi, kisha mwanadamu huyaita hayo uongo. Mtu mwenye hofu kinywa hukauka, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka. Lakini ni nani asiyeogopa anaposhitakiwa? Mwongo aliyezoea huweza kutulia kama maji ya mtungini, na mnyofu anayeshitakiwa kwa mara ya kwanza huweza kutetemeka kama jani.

Tufanye hesabu ndogo. Watengenezaji wa mradi ule wa Ulaya waliujaribu kwanza kwa watu 32 tu, na mashine ikapatia takribani mara tatu kwa kila mara nne. Mtu aweza kusema, si vibaya. Haya, tuchukue mfano wa abiria 1,000 wanaoshuka katika bandari yetu ya Mkoani. Tuseme kati yao waongo ni 10, na wakweli ni 990. Mashine ya namna hiyo itawakamata waongo 7 au 8. Lakini robo ya wale wakweli nao watahesabiwa waongo, yaani watu karibu 250. Ili kuwapata wabaya wanane, mashine imewatia fedheha watu wema mia mbili na hamsini, na wabaya wawili wamepita wakicheka. Na yule ofisa aliye mlangoni hana njia ya kujua katika kundi lote hilo ni nani na ni nani.

Pengine mtasema, basi tuiache mashine, tutumie macho yetu wenyewe. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Charles Bond na Bella DePaulo, walijumlisha tafiti nyingi ambamo watu zaidi ya 24,000 walijaribu kutambua nani anadanganya na nani anasema kweli. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila mara 100. Anayerusha sarafu juu hupatia mara 50. Mwaka huo huo wataalamu wengine walitoa matokeo ya kuwauliza watu wa nchi 75 jinsi wanavyomtambua mwongo. Jibu lililotolewa kuliko yote lilikuwa moja: mwongo hakutazami machoni.

Sasa tutazame hapa kwetu Pemba, Wete na Chake Chake, Mkoani na Micheweni. Kijana aliyelelewa vema husimamaje mbele ya mzee? Huinamisha macho. Anayemkodolea macho mkubwa wake huambiwa hana adabu. Binti wa kisiwani anapoulizwa jambo na mtu mzima, zaidi akiwa mwanamume, hutazama chini, na sauti yake hushuka. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishana, Waislamu na Wakristo pamoja, nayo ni moja ya tunu za mwambao huu. Mpeleke binti huyo mbele ya kamera, au mbele ya tajiri wa nchi ya mbali asiyezijua desturi zetu, na heshima yake itaandikwa kuwa ni hila. Wapo watoto wetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Unguja, Dar es Salaam, hata Maskati. Kidani cha dhahabu kikipotea, wa kwanza kuulizwa ni mtumishi. Ataulizwa, naye atatetemeka, maana anajua kwamba nauli ya kurudi hana na mshahara wa miezi mitatu haujalipwa. Ndipo wenye nyumba watasema: tazama anavyotetemeka, ndiye. Kwa kutetemeka huko atafukuzwa, na jina lake litatangulia kufika kijijini kabla yake.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatupa njia nyingine. Tukumbuke habari ya Susana katika kitabu cha Nabii Danieli, sura ya kumi na tatu. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimtamani mwanamke huyo mcha Mungu. Alipowakataa, walimzushia kwamba walimkuta na kijana bustanini. Alipoletwa mbele ya mkutano akiwa amejifunika uso, wazee wale waliamuru afunuliwe. Walitaka uso wake uwe mbele ya macho ya watu. Susana alilia akitazama mbinguni. Watu walimwona akilia, wakawaona wazee wametulia katika heshima ya mvi zao, wakaamini nyuso. Walimhukumu afe.

Ndipo Mungu alipomwamsha Danieli, kijana. Danieli hakuwatazama wazee kope wala midomo. Aliagiza watenganishwe, kila mmoja akae mbali na mwenzake. Akamwuliza wa kwanza: uliwaona chini ya mti gani? Akautaja mti. Akaitwa wa pili, akaulizwa swali lile lile, naye akataja mti wa namna nyingine kabisa. Njia ya mwongo ni fupi. Swali moja la haki, lililoulizwa kwa mpango mbele ya wote, liliuokoa uhai wa mtu asiye na hatia. Danieli alichunguza neno na tendo, kwa maana hayo mwanadamu amepewa uwezo wa kuyachunguza. Moyo hakuugusa.

Nasi wa Pemba tunaijua njia hiyo, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia katika karafuu. Mkulima akileta gunia kituoni, mnunuzi hamtazami usoni ili ajue kama karafuu zimekauka. Huchota kiganjani, akaivunja moja kwa vidole asikie inavyokatika, akatazama kama makonyo yamechanganywa, kisha akaweka gunia kwenye mizani. Mizani haimfedhehi mtu maskini wala haimpendelei mwenye maneno matamu. Ikiwa kwa zao la shambani tunadai ushahidi, vipi kwa jina la mtu tutosheke na jasho la paji la uso?

Basi tusije tukaelewa kwamba Kanisa linazikataa kompyuta. La hasha. Kompyuta inayohesabu fedha za ushirika, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, inayosaidia kugundua hati ya kughushi, hiyo ni ndugu ya mizani, nayo ni tunda la akili tuliyopewa na Muumba. Tunachokataa ni kukikabidhi chombo kiti cha hukumu. Mwezi Januari mwaka 2025 Vatikano ilitoa waraka uitwao Antiqua et Nova kuhusu akili ya mashine, na humo inatukumbusha kwamba wajibu wa uamuzi hubaki kwa mwanadamu. Hata watawala wa dunia wameanza kuona hatari hiyo: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imekataza kompyuta zinazobaini hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na mashine za kupimia uongo mipakani imeziweka katika kundi la vyombo vya hatari kubwa.

Lakini yako mafundisho ya ndani zaidi. Somo la kwanza, kutoka Yoshua bin Sira, latuambia kwamba Mungu ameweka mbele ya mtu moto na maji, uzima na mauti, naye hunyosha mkono kwa kile anachokipenda. Latuambia pia kwamba macho ya Bwana yanaona yote, wala hakuna tendo la mtu asilolijua. Ni Mungu peke yake ausomaye moyo. Wahenga nao walisema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Sasa tutazame Mungu anaitumiaje elimu yake hiyo. Adamu alipokosa na kujificha, Mungu alimwuliza yuko wapi. Kaini alipomwua ndugu yake, Mungu alimwuliza ndugu yake yuko wapi. Je, Mungu alikuwa hajui? Alijua. Lakini aliuliza, ili kumpa mtu nafasi ya kusema kweli kwa kinywa chake mwenyewe. Yeye aonaye yote hakumnyang'anya Adamu neno lake. Ukweli ulionyang'anywa kwa mashine haumwongoi mtu. Ukweli aliousema mwenyewe ndio unaomfungulia mlango wa kurudi.

Ndiyo maana kitubio chetu hakina mashine. Padre hampimi muungamaji mapigo ya moyo. Anasikiliza, na kulipokea neno la mtu kama neno la mtu mbele ya Mungu. Mtume Petro alidanganya mara tatu penye moto wa makaa, akaapa hata kuapa. Lafudhi yake ya Kigalilaya ilimsaliti, watu wakamtambua, lakini kutambuliwa huko hakukumgeuza. Kulimfanya azidi kuapa. Kilichomgeuza ni pale Bwana alipogeuka akamtazama. Jicho lile lilimjua wote, na bado lilimpenda. Petro akatoka nje, akalia kwa uchungu.

Wapendwa waamini, nanyi makatekista wetu mnaosikilizwa na wengi vijijini, tuondoke na mambo matatu.

Kwanza, tusimhukumu mtu kwa uso wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yahesabu hukumu ya haraka kuwa ni dhambi dhidi ya amri ya nane, yaani kuamini kosa la mwenzetu bila msingi wa kutosha. Sadaka ya jumuiya ikipungua, tusiulize nani ameinamisha macho. Tufungue daftari, tuhesabu mbele ya mashahidi, tumwite kila mhusika kwa faragha na kumsikiliza hadi mwisho. Ghadhabu ya umati ikiwaka dhidi ya kijana anayeitwa mwizi kwa kuwa alikimbia, tukumbuke kwamba hata asiye na hatia hukimbia anapoona marungu.

Pili, ninyi wazazi, msiifanye nyumba kuwa mahakama. Mtoto anayeulizwa kwa vitisho hujifunza kutuliza uso, hajifunzi kusema kweli. Mtoto anayejua kwamba akikiri atarudiwa kwa upole, huyo hupata ujasiri wa kukiri. Tumwulize kama Mungu alivyomwuliza Adamu, tukimwachia nafasi ya kujibu.

Tatu, tulitunze neno letu. Sisi Wakatoliki wa kisiwa hiki tu wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, na jirani hatatujua kwa wingi wetu. Atatujua kwa deni lililolipwa siku tuliyoahidi, kwa samaki wa leo wasiochanganywa na wa jana, kwa shahidi asiyebadili maneno baada ya kupewa bahasha. Mahali ambapo ndiyo ya mtu ni ndiyo, hakuna anayeulizia kiapo, wala mashine haina kazi.

Siku ya mwisho tutasimama mbele yake Yeye asiyehitaji kamera. Hatatushangaa, kwa kuwa alitujua kabla hatujaumbwa tumboni. Tumwombe leo atupe ulimi mmoja na moyo mmoja, ili neno litokalo midomoni liwe lile lile lililomo ndani. Na pale tunaposhindwa, atutazame kama alivyomtazama Petro.

Tumsifu Yesu Kristo. Amina.